Boneti ya Moto Sinza: Kisa cha Milioni 18 na Sedani Nne

Saa moja kasoro asubuhi, Sinza, niliweka kiganja juu ya boneti ya Mark X nyeusi nikakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto. Usiku dalali alituambia kwa simu kwamba gari halijawashwa tangu juzi, na mimi nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu: tulikute likiwa baridi. Mpwa wangu hakuona tatizo. Alishazunguka nyuma, anatazama bomba mbili za moshi na ile bampa ya chini, na kwa uso wake nilijua moyo umeshalipa, imebaki benki.

Nilikaa gereji Ilala miaka 14, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kukagua magari kabla mnunuzi hajatoa hela. Wengi huja kwangu wakiwa wameshanunua, na hilo linaniuma, kwa sababu hapo sina tena cha kuwasaidia zaidi ya kuwatajia bei ya spea. Kisa cha mpwa wangu nakiandika chote, pamoja na hesabu zake, kwa kuwa kinafanana na visa vingi: kijana ana hela ya jasho, anataka sedani yenye mzuka, na mji umejaa zinazong'aa. Msimamo wangu nausema mapema. Kwa bajeti hii huchagui kati ya Toyota, Subaru na BMW. Unachagua injini moja, hiyo iliyopo mbele yako, pamoja na mtu aliyeishi nayo. Na ile raha anayoitafuta kijana, kwa barabara zetu, ipo zaidi chini ya gari kuliko chini ya boneti.

Mpwa wangu ana miaka 29, ni fundi umeme wa viwandani. Anaishi Kimara Temboni, kazi iko Chang'ombe. Kila siku anashuka na Morogoro Road, Ubungo anaingia Mandela, anatokea Tazara. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40, nyingi zake za foleni. Alikuwa na Vitz akaiuza milioni 6, akaongeza milioni 12 alizoziweka miaka mitatu kwenye kikoba na kutokana na kazi za jioni. Hakuna mkopo ndani yake.

"Anko, nimechoka kubebwa," aliniambia. "Nataka gari ninaloliendesha."

Karatasi yake ilikuwa na majina manne: Toyota Mark X, Subaru Legacy B4 ya tabo (turbo, inayosukumia injini hewa ya ziada), BMW 320i na Toyota Altezza RS200. Orodha nzuri, sikuibeza. Nilichomwekea ni sharti moja: milioni 18 ni hela ya kila kitu, na gari lenyewe lisizidi milioni 14. Zinazobaki ni za kulirudisha gari katika hali yake na za kulala usingizi mwaka wa kwanza. Alikubali kwa mdomo. Mark X ya Sinza ilikuwa inauzwa milioni 15 na nusu, "bei maongezi".

Kabla ya kuzunguka tulihesabu kuagiza Japani, maana kila kijana ana rafiki aliyemwambia kuagiza ni nafuu. Kwa magari ya umri huu si kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua gari ambalo TRA, mamlaka ya mapato, wamelikadiria kwa milioni 8, pamoja na nauli ya meli na bima ya safari. Kadirio linatoka kwenye orodha yao wenyewe, siyo kwenye risiti ya muuzaji wako. Ushuru wa forodha ni 25%, kwa hiyo milioni 2, tumefika 10. Injini ikizidi cc 2,000, ushuru wa bidhaa ni 10%, milioni 1. Gari likizidi miaka 10 kuna 30% ya umri, milioni 3. Sasa ni 14. Juu ya hiyo yote inakaa VAT ya 18%, na unakuta milioni 16 na laki 5. Hapo hujagusa tozo ya reli, bandari, wakala wa forodha wala usajili. Gari la milioni 8 limeshazaa kodi inayolizidi lenyewe. Kwa hiyo tukaamua la mkononi, yaani lililokwisha kutembea hapa.

La mkononi lina faida ambayo watu hawaipi uzito: yupo mtu wa kumuuliza. Dar tunasoma herufi ya namba kama cheti cha kuzaliwa, "hii namba D", "hii namba E", na bei inapanda kwa herufi. Lakini herufi inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Mark X iliyotengenezwa 2005 inaweza kuvaa herufi E kwa sababu iliingia juzi, na kilomita ilizotembea Japani ziko palepale. Mimi herufi ya zamani hainitishi iwapo mwenye gari ni mmoja na ana maneno ya kueleweka.

Turudi Sinza. Boneti ya moto haithibitishi kosa, lakini inanizuia kusikia. Injini iliyochoka husema ukweli katika sekunde 30 za kwanza ikiwa baridi, oili ikiwa imeshuka yote chini usiku. Ukishaipasha moto, umeifunga mdomo. Nikamwambia dalali tutarudi, na safari hii sikupiga simu. Siku mbili baadaye tulifika saa kumi na mbili alfajiri, mlinzi akatufungulia, boneti ya baridi kama jiwe la kisimani. Kwenye fungu la waya palifungwa kadi ya sevisi: oili ilibadilishwa kilomita 600 nyuma. Nikachomoa kijiti cha kupimia. Oili bado ina rangi ya asali, mpya kabisa, lakini ilishika alama ya chini. Kati ya alama mbili za kijiti ni kama lita moja. Ndani ya kilomita 600 lita hiyo ilikwenda wapi? Chini ya gari pakavu. Dalali akafika mbio, akawasha, na jibu likatoka kwenye bomba zote mbili: moshi wa bluu, mwepesi, unaoelea bila kupotea upesi. Injini ikawa inatikisika kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, usukani unatetemeka vidoleni. Nikaomba tufungue plagi mbili za upande ulio rahisi. Moja ilitoka imelowa, nyeusi.

Mark X ya kizazi kile, GRX120, ilianza kuuzwa Novemba 2004 ikichukua nafasi ya Mark II, na nyingi zilizopo hapa zina injini ya V6 ya lita 2.5, 4GR-FSE, nguvu za farasi 215. Ni injini tamu sana ikiwa nzima. Mfumo wake wa D-4 unapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini za kawaida petroli hupita mgongoni mwa valvu za kuingiza hewa na kuziosha bila mtu kufikiri. Hapa valvu hazioshwi. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye hewa ya kuingia unagandia pale, unapikwa, unakuwa masizi magumu, na injini inaanza kutikisika ikiwa imesimama. Ongeza foleni ya Mandela, ambako injini inazunguka saa nzima bila kupumua vizuri, ongeza mmiliki anayebadilisha oili akikumbuka, ringi za pistoni zinanata na oili inapanda juu. Injini hiyohiyo ilikaa kwenye Lexus IS250, na huko Marekani wenye nazo walilalamikia masizi hayo hayo. Tena ilijengwa na mgandamizo wa 12 kwa 1 na kutengenezewa petroli ya okteni ya juu.

Sisemi usinunue Mark X. Nimeshawapitishia wateja kadhaa na ninazikuta barabarani zikiwa na afya. Nasema ile ya Sinza ilihitaji injini nyingine, na injini ya mtumba ya Gerezani, kwenye maduka ya spea, ni bahati nasibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Dalali alishuka hadi milioni 13 palepale, bila kusukumwa. Mpwa wangu akanishika mkono: "Anko, si imeingia kwenye bajeti sasa?" Nikamwonyesha ile plagi.

Legacy iliniumiza zaidi, kwa sababu yangu mwenyewe. Ilikuwa Mbezi Beach, BL5 ya 2005, GT ya gia za mkono. Ile injini yao ya EJ20 yenye tabo, silinda zimelala ubavuni, inatoa farasi 280 kwa gia za mkono na 260 kwa otomatiki, na magurudumu yote manne yanasukuma. Tulitoka nayo Bagamoyo Road kuelekea Tegeta, Jumapili asubuhi. Tabo ikashika gia ya tatu, mpwa wangu akacheka kwa sauti kama mtoto. Mimi pia nilitabasamu, nikanyamaza, maana ningefungua mdomo ningesema tuichukue. Gari linakaa barabarani kama limegundishwa.

Tukarudi, tukaacha lipoe, tukanywa soda. Nikamuuliza mwenyewe kuhusu mkanda wa taimingi. "Ulishabadilishwa, mkubwa." Lini? Hakumbuki. Risiti? Hakuna. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda hubandika kikaratasi ndani ya chumba cha injini chenye tarehe na kilomita. Hapa hapakuwa na kitu. Mkanda wa EJ20 unahesabiwa kilomita 100,000, unazungusha shafti nne za juu zinazofungua valvu, na ukiruka meno pistoni zinagongana na valvu. Nikagusa paipu ya juu ya rejeta ikiwa imeshapoa: ngumu, imejaa presha. Nikafungua kopo la kulanti, maji ya kupozea injini, tukawasha, na baada ya dakika chache vipovu vidogovidogo vikaanza kupanda kwa mpangilio, kama samaki anapumua. Presha ya silinda ilikuwa inapenya kwenda kwenye maji. Kwa injini iliyolala namna ile, kuifikia gasketi ya silinda hedi vizuri ni kuishusha injini chini. Kuna pia bolti ya bomba la oili ya tabo yenye wavu mdogo ndani yake. Wavu ukiziba, tabo inakauka na kufa, na wauzaji wengi hawajui hata kama upo. Gari hilo lilikuwa linataka mtu mwenye gari lingine la kumpeleka kazini.

BMW sitaiongelea sana. 320i ya E90, otomatiki, milioni 14, ndani kusafi kuliko yote manne. Nikachomeka mashine ya kusomea makosa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi: hakuna kosa hata moja. Vijana wengi wanaishia hapo na kufurahi. Nenda ukurasa wa pili. Kompyuta ya gari ina vipimo vyake vya ndani vinavyojikamilisha kadiri gari linavyotembea siku kadhaa, na mtu akifuta makosa vipimo navyo vinafutika vianze upya. Vilikuwa havijakamilika karibu vyote. Gari linalotumika kila siku, kwa maneno ya muuzaji, halina sababu ya kuwa hivyo isipokuwa mtu amelifuta asubuhi. Tuliliacha hapohapo. Haikuhusu BMW kama BMW. Nawajua mafundi wawili wa Dar wanaozijua vizuri na wateja wao wanatulia. Ilihusu alichoficha yule bwana.

Ikabaki Altezza, na ndipo kisa chenyewe kilipo.

Tangazo lilisema "Altezza RS200, six cylinder, full AC, haidaiwi, ni mafuta na ufunguo", milioni 11 na nusu. Mwenye kujua magari haya hapo hapo anasimama. Altezza ilitoka 1998, ikawa gari la mwaka la Japani msimu wa 1998 na 1999, na ilikuwa na injini za aina mbili. RS200 ina silinda nne, 3S-GE, farasi 210 kwa gia za mkono. AS200 ndiyo yenye silinda sita, 1G-FE, farasi 160. Zote mbili ni lita 2 na zote zinasukuma kwa nyuma. RS200 yenye silinda sita haijawahi kuwepo.

Gari lilikuwa Upanga, kwa mzee mstaafu. Tulimkuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Limelala, sijaligusa. Mmesema mnalitaka baridi."

Nyuma, upande wa kulia, palikuwa na nembo ya RS200, imekaa mshazari kidogo. Nikafungua boneti nikatazama bamba la chesisi: GXE10. Ya RS200 inaanza na SXE10. Nikaomba kadi, ujazo wa injini umeandikwa cc 1,980. Injini ya 1G-FE ni cc 1,988, ya 3S-GE ni 1,998, kwa hiyo hata kadi ilikuwa inasema ukweli muda wote, hakuna aliyeisoma. Mzee akasema, "Hiyo herufi nilinunua nalo ikiwepo. Mimi sijui RS wala nini. Mimi najua gari langu." Dalali akatazama pembeni.

Uso wa mpwa wangu ukashuka. Alikuja kwa ajili ya farasi 210, amekuta 160 na otomatiki ya gia nne. Alitaka tuondoke.

Mzee akaingia ndani akarudi na daftari la shule, jalada limechakaa, limefungwa kwa mpira. Ukurasa wa kwanza ulianzia 2011. Mwandiko wa mtu aliyefanya kazi ya masijala: tarehe, kilomita, kilichofanyika, kiasi. Oili kila baada ya kilomita 4,000, wakati mwingine 4,500, haijawahi kufika 5,000. Betri. Wota pampu. Oili ya gia boksi mara tatu. Mwaka 2014, mstari mmoja: mkanda wa taimingi, pamoja na kilomita zake. Nikapiga hesabu na zile za dashibodi: mkanda ulikuwa umekaribia kufikia mwisho wake, na kwa miaka ulikuwa umezeeka tayari. Nilifurahi kuona kasoro hiyo imeandikwa. Jambo linaloonekana nina bei yake mfukoni.

Nililikagua saa mbili. Injini iliwaka kwa mguso mmoja, ikatulia, unaweza kusimamisha sarafu juu ya kifuniko chake. Hakuna moshi. Nilivuta mikanda ya viti yote minne hadi mwisho na kuinusa, kwa sababu gari lililowahi kuzama Jangwani au popote lilipojaa maji huoshwa viti na zulia, lakini tope na harufu ya uvundo hubaki kule mkanda unakojikunja. Safi. Reli za viti hazina kutu. Chini, kutu ndogo ya chumvi kwenye mabano ya bomba la moshi, kawaida kwa gari la Upanga. Rangi ya paa imefifia, kiti cha dereva kimechanika mshono. Boljointi za chini za mbele zilikuwa zimelegea, shokapu zote nne zimekwisha. Ukibonyeza kona ya gari linayumba mara tatu kabla ya kutulia. Matairi mawili yalikuwa ya mwaka mmoja, mawili ya mwaka mwingine, na ya mbele yameliwa upande wa ndani.

Mpwa wangu aliliendesha hadi daraja la Selander na kurudi. "Anko, linaelea. Na halina nguvu."

Tulikaa kijiwe cha kahawa karibu saa nzima tukibishana, na hapo nilimweleza ninachokiamini. Nguvu za Mark X utazitumia wapi? Kati ya Temboni na Chang'ombe, sehemu ya kukanyaga mafuta hadi mwisho bila kuvunja sheria haifiki nusu dakika kwa siku. Unachokihisi kila dakika ni usukani unavyokujibu, gari linavyokaa ukizunguka, breki inavyouma bila kuvuta upande, tuta unavyolipita bila kugonga. Altezza ina mikono miwili ya sasupensheni kwa kila gurudumu, mbele na nyuma. Mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, alilijenga gari liwe la dereva kwanza. Uzito wake ni chini ya kilo 1,400, wakati Mark X inazidi 1,500. Kinachoelea pale ni shokapu za miaka mingi na bushi zilizopasuka. Linaloitwa halina raha halijapewa miguu.

Nikamwambia pia asije akanunua akakata springi ili likae chini kama wanavyofanya vijana wa Kinondoni. Springi iliyokatwa inakaa kwenye mpira wa mwisho wa shokapu, gari linadunda badala ya kufuata barabara, na tuta la kwanza la mtaani kwao linachukua bampa. Sikuwa napendezwa kumkatisha tamaa, lakini haya yameua magari mazuri mengi mbele ya macho yangu.

Alikaa kimya. Kisha akauliza swali lililonipa moyo: "Chini nzima ni shilingi ngapi?"

Tukarudi kwa mzee. Sikupunguza bei kwa kusema gari ni bovu, maana si bovu. Nilisema bei ya milioni 11 na nusu ni ya RS200, na hili ni AS200, na mkanda na chini vinatungoja. Tukamaliza kwa milioni 9 na laki 4. Kabla ya malipo tukaangalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, tukalinganisha chesisi ya kwenye kadi na ile iliyopigwa kwenye chuma herufi kwa herufi, na malipo yakapita benki huku fomu za kubadilisha umiliki zikiwa zimeshasainiwa.

Wiki mbili lilikuwa kwa fundi wangu wa zamani Ilala. Mkanda wa taimingi pamoja na tenshena, wota pampu na sili zake, laki 5 na 20. Shokapu nne, laki 9 na 60. Boljointi mbili na bushi za mbele, laki 4 na 30. Diski na pedi za mbele, laki 3 na 90. Matairi manne ya 205/55R16, yote ya aina moja na mwaka mmoja, laki 7 na 60. Oili ya injini, ya gia boksi na filta, laki 3 na 10. Jumla milioni 3 na laki 3 na 70. Ukiongeza bei ya gari ni milioni 12 na laki 7 na 70. Baada ya bima ndogo ya 118,000 na gharama za umiliki, benki ilibaki karibu milioni 5. Tulipanga magurudumu kwa mashine, nikamkabidhi ufunguo, nikamwambia aende Kisarawe kwa barabara ya Pugu, zile kona za vilimani, taratibu.

Alinipigia akiwa amesimama njiani. Hakusema habari ya nguvu. Alisema, "Anko, nikigeuza kidogo linageuka kidogo. Nikigeuza zaidi linageuka zaidi." Mimi sijui namna bora ya kueleza usukani mzuri.

Miezi minane imepita. Mafuta, ambayo ndiyo watu wanagombania kila wanapotaja magari haya, nimeyapima kwa tangi lililojaa na si kwa macho: kwenye foleni anapata kilomita 8 kwa lita. Kwa kilomita 1,040 za mwezi ni lita 130; nikihesabu lita kwa 3,000 ni laki 3 na 90. Mark X nzima, ikipata 7, ingekula laki 4 na 46 hivi. Tofauti ni 56,000 kwa mwezi. Injini moja ya mtumba pamoja na kuifunga inameza tofauti hiyo ya miaka mingi.

Kuna nililokosea. Siku ya ukaguzi AC ilikuwa inapoza vizuri nikaridhika, sikuiacha ifanye kazi dakika 40 gari likiwa limesimama juani. Mwezi wa nne tangu alinunue, kwenye foleni ya Ubungo, kompressa ilianza kulia na kukata. Laki 4 na 80, pamoja na gesi. Hela ilikuwepo kwa sababu ya ile akiba, lakini kwa mteja mwingine asiye na akiba ingekuwa kilio, na tangu siku hiyo AC naipima gari likiwa limesimama, saa saba mchana, siyo asubuhi.

Dada yangu, mama yake, analalamika kiti kiko chini na magoti yanamuuma akishuka. Ni kweli, na hakuna sedani katika zile nne ambayo ingemwokoa. Na mpwa wangu mwenyewe hajaacha kutamani. Akiwa Kibaha Mark X zinampita na anazifuata kwa macho. Majuzi aliniuliza kama anaweza kufungiwa gia boksi ya mkono ya gia sita, maana AS200 nyingine zilitoka nazo. Nikamwambia inawezekana, ila kwanza bushi za nyuma, zimeanza kugonga tukipita matuta ya Temboni, na kava la valvu linavuja tone kwa wiki. Bushi tunabadilisha Jumamosi hii. Nembo ya RS200 aliibandua mwenyewe, pamebaki alama nyepesi ambayo jua halikuifikia.